Siku tisa za albamu yetu ya kwanza, na nani hasa alikuwa anakimbia

Humu sitataja jina la mtu, nitawaita kwa vyombo vyao, maana wenyewe wameshasema wakijiona wameandikwa kwa majina natafuta bendi nyingine. Kwa hiyo kuna Dramu, kuna Gitaa, kuna Sauti ambaye ndo dada yetu na ndo mwenye mashairi yote, halafu kuna mimi Besi. Wanne tu. Na kuna fundi mitambo, mtu mzima, tulimwita Mzee tangu siku ya kwanza na akaitika.

Ngoma tulizoingia nazo ni 11, tumezipiga jukwaani miaka mitatu mpaka tunaziota, na studio tuliichukua siku tisa. Shida yetu ilikuwa moja na ya siku zote, watu wakituona jukwaani wanaruka mpaka wanapoteza viatu, wakisikiliza demo zetu wanasema "mko vizuri", na shabiki wa rock akikuambia uko vizuri kwa sauti ya upole namna ile ujue umekwisha. Kila usiku nilikuwa naandika kidogo kwenye daftari, ndo hiki hapa, nimenyoosha sentensi mbili tatu tu.

SIKU YA 1

Hatujapiga hata wimbo mmoja. Mi nilidhani tunafika, tunachomeka, tunapiga, kumbe siku nzima imeliwa na dramu. Mzee kaingia chumbani kaanza kupiga makofi, anatembea kona hadi kona anapiga kofi moja anasimama anasikiliza linavyorudi, kama anaongea na ukuta, mwisho kasema dramu zikae hapa, si pale tulipoziweka. Tukabeba tena.

Halafu ngozi zote mpya. Boliti anazikaza kwa msalaba, hii kisha ya upande wa pili, hazizunguki moja baada ya nyingine, na baada ya kila mzunguko anagonga kwa kidole karibu na kila boliti mpaka zote ziimbe noti moja. Sneya ya Dramu, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ina boliti kumi juu, kumi chini, hesabu mwenyewe. Tulipofikiri tumemaliza nikachomeka besi nikapiga noti ya chini, sneya ikaanza kutetemeka yenyewe zzzz kama ina homa, maana zile nyaya zake za chini zinaitikia sauti yoyote inayofanana na yake. Ikabidi ipandishwe kidogo, tukaanza upya.

Kilichonifurahisha ni kamba. Maiki mbili za juu, zile zinazochukua dramu zote kwa pamoja, Mzee kaziwekea kamba, ncha moja katikati ya sneya, kaivuta mpaka maiki ya kushoto, kaishika kwa vidole pale ilipofika, kaizungusha mpaka ya kulia, zikawa sawa kabisa. Nikamuuliza kwani sentimita chache zina nini, kaniambia sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita 34 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na sneya ikifika maiki moja mapema na nyingine imechelewa, ukizichanganya wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, zinakulana, sneya inakonda. Tangu hapo kila nikisikiliza demo yetu ya zamani nasikia sneya iliyokonda, sijui nilikuwa sisikii vipi.

Gitaa alikaa kwenye kona na gitaa lake mapajani saa tisa nzima. Jioni kauliza kwa adabu, "Mzee, mi leo nimekuja kufanya nini?" Mzee kamjibu, "Umekuja kubadilisha nyuzi, zivutike leo ili kesho zisikutoke kwenye tyuni." Alikuwa hajabadilisha.

SIKU YA 2

Mpango wa leo ulikuwa wangu, nakiri mapema. Kila mtu arekodi peke yake kwa kufuata kliki, ule mlio wa tik tik wa kuhesabu mapigo, Dramu kwanza, mimi nifuate, halafu Gitaa, Sauti mwisho. Sababu ilikuwa hii, Dramu anakimbia. Nimemwambia hivyo miaka mitatu, "unakimbia kaka, unakimbia", kila tukishuka jukwaani, mpaka siku yake ya kuzaliwa nilimpa zawadi ya metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo, nikaona nimefanya utani mzuri. Sasa albamu ni kitu cha milele, sikutaka ikimbie.

Wimbo wa kwanza tukaweka mapigo 168 kwa dakika, Dramu kavaa hedifoni, tik tik tik, kapiga vizuri sana tu. Pale alipoteleza Mzee alimvuta kwa mausi mpaka akae kwenye mstari. Mi nikaja juu yake, safi. Gitaa kaja juu yetu, kapiga kila rifu, yale mapigo ya gitaa yanayojirudia, mara mbili mbili, kushoto na kulia, safi. Mpaka usiku tuna ngoma tatu bila sauti.

Tukazima taa tukasikiliza. Kila kitu kipo mahali pake. Zinasikika kama nguo zilizopigwa pasi zikakunjwa, hakuna mtu ndani. Gitaa kasema "safi", Dramu kasema "safi", mi nikasema "safi", wote tunaangalia sakafu. Mzee hakusema kitu, kaandika majina ya faili akatuaga.

SIKU YA 3

Leo Sauti aliingia kujaribu wimbo wa kwanza, kaimba ubeti mmoja kavua hedifoni. "Mi siendelei. Jukwaani wimbo unanivuta, huu mi ndo nauvuta." Basi ugomvi ukaanzia hapo, nisiuandike wote, ila ulihusu kliki, ulinihusu mimi, na ulifika mpaka kwenye mambo ya gari la mwaka juzi ambayo hayana uhusiano wowote na muziki.

Mzee alingoja tuchoke. Kisha kauliza kama tuna rekodi yoyote ya mazoezi, hata ya simu. Sauti anazo nyingi, huwa anaweka simu juu ya ampu ili akumbuke mashairi. Akapiga wimbo ule ule. Sauti mbaya ajabu, matoazi yanachemka kama mafuta, besi haisikiki vizuri, lakini nikaangalia chini nikaona miguu ya watu wote watano inacheza, pamoja na wa Mzee. Jana hakuna mguu uliocheza.

Mzee akaanza kugonga kitufe cha kuhesabia mapigo huku anafuata wimbo na kuandika pembeni: ubeti 168, kiitikio 173, ubeti wa pili unashuka 170, kiitikio cha mwisho 176. Akaomba rekodi nyingine, ya miezi mingi nyuma. Palepale, namba zinatofautiana kidogo lakini panda ni pale pale na shuka ni pale pale. Ya tatu, vilevile. Kageuka kaniangalia mimi si Dramu. "Mtu anayekimbia hajui anakwenda wapi. Huyu anapanda ngazi, na ngazi anaijua."

Sikuwa na la kusema. Dramu naye hakusema kitu, na hapo angeweza kusema mengi.

Sasa tufanyeje, siku tatu zimekwenda, zimebaki sita. Mzee kasema siku sita ni nyingi mno kwa bendi inayojua nyimbo zake. Akatukumbusha bendi za zamani. Beatles, tarehe 11 Februari 1963, kati ya nyimbo 14 za albamu yao ya kwanza walirekodi 10 siku hiyo hiyo, asubuhi mpaka usiku. Black Sabbath, Oktoba 1969, siku moja, wanapiga kama wako jukwaani. Led Zeppelin mwaka 1968 saa kama 36 za studio, na hao walitoka ziarani moja kwa moja, nyimbo walikuwa wameshazipiga mbele ya watu. Gitaa akasema lakini hao ni hao. Mzee kajibu hao wakati ule walikuwa vijana wenye nyimbo na siku chache, kama ninyi.

Nikauliza tufute ya jana? "Usifute, diski haina njaa. Tuyaache tu hapo yakae."

SIKU YA 4

Chumba kimoja, wote, kwa wakati mmoja. Nusu siku imeliwa na kupanga tena maana sauti inavuja, gitaa linaingia kwenye maiki za dramu, dramu zinaingia kwenye maiki ya Sauti, kila kitu kinaingia kila mahali. Tumesimamisha magodoro kati ya ampu ya Gitaa na dramu. Mzee ana kanuni yake, kama maiki iko sentimita 10 kutoka kwenye chombo chake basi maiki ya chombo kingine ikae angalau sentimita 30 kutoka kwake, tatu kwa moja, ili kinachovuja kiwe kidogo cha kutosha kisiharibu. Kuzuia kabisa hajaribu. Anasema sauti inayovuja vizuri ndo inamwambia msikilizaji kwamba hawa watu walikuwa chumba kimoja.

Besi yangu haina ampu chumbani, inaingia kwenye kiboksi kisha moja kwa moja kwenye miksa, mi najisikia kwenye hedifoni tu. Hii ikumbukeni, itarudi.

Aliyeumia leo ni Gitaa. Ana ampu kubwa, kabati la spika nne, anaipenda kuliko ndugu zake wengine. Mzee kaiangalia kwa heshima kisha kaleta ampu ndogo ya wati 15, kaifungulia mpaka inapiga kelele za kuomba msaada, kaweka maiki ya Shure SM57 karibu kabisa na kitambaa cha spika, si katikati ya koni, pembeni kidogo. Na kapunguza distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la rock, karibu nusu. Gitaa kalalamika kwamba sasa haina nguvu. Maelezo ya Mzee yalikuwa haya: distosheni nyingi inabana sauti, pigo la nguvu na pigo la kivivu zote zinatoka ukubwa mmoja, jukwaani mwili wako unaonekana ukipiga kwa nguvu, kwenye spika ya mtu nyumbani mwili hauonekani, kinachobaki ni moshi. Ukipunguza, mwanzo wa kila pigo unarudi. Na ampu kubwa ukiipunguza sauti ili isivuje inalala usingizi, bora ndogo iliyokasirika.

Kweli bana. Gitaa alipiga rifu moja, akatulia, akapiga tena, hajaigusa ile kubwa tena mpaka leo.

Kisha tukapiga. Teki ya kwanza, yaani jaribio la kwanza la kurekodi, tumevurunda, ya pili tumevurunda, ya tatu mi nimevurunda peke yangu sekunde kumi kabla ya mwisho na kwa sababu ya kuvuja huwezi kukata kipande ukabandika kingine bila kusikika, kwa hiyo mtu mmoja akikosea wanne mnarudi mwanzo. Hiyo hofu sikuitegemea. Juzi ukikosea unarudia mstari, leo ukikosea umewaharibia wenzako, basi macho yote yanakuwa wazi, unamwangalia Dramu mabega yake kabla hajapiga, unamsikiliza Sauti anavuta pumzi. Teki ya sita ndo ikawa yenyewe. Tulijua kabla haijaisha, Sauti alikuwa anacheka ndani ya kiitikio cha mwisho na kicheko kimebaki.

Mpaka usiku ngoma mbili. Tukiwa tunafungasha waya Mzee akapiga albamu ya kwanza ya Ramones, ya 1976, akatuambia tusikilize spika moja moja, besi imekaa upande mmoja, gitaa upande mwingine, dramu na sauti katikati, basi. Nyimbo 14 ndani ya dakika kama 29. Gitaa aliuliza gitaa la pili liko wapi, nadhani hilo swali alikuwa anajiuliza mwenyewe.

SIKU YA 5

Ngoma SITA! Naandika kwa mkono unaotetemeka, vidole vina malengelenge.

Hakuna kliki. Dramu anagonga fimbo akihesabu hadi nne, tunaingia. Wimbo wa tatu wa leo fimbo yake ilivunjika katikati ya ubeti wa pili, kipande kikaruka kikagonga stendi ya maiki, tak, jamaa hakupepesa jicho, mkono wa kulia ukaendelea na hai-hati, yale matoazi mawili ya kubanwa kwa mguu, wakati wa kushoto unachukua fimbo nyingine mfukoni, akarudi kwenye sneya kabla ya kiitikio kana kwamba wimbo uliandikwa hivyo. Mapigo mawili ya sneya hayapo kabisa. Mzee kauliza turudie? Wote wanne, "HAPANA." Ile nafasi tupu imekuwa sehemu tamu kuliko zote kwenye wimbo, halafu ile tak inasikika ukiwa makini.

Alipokuwa anahifadhi faili Mzee kasema mambo haya hutokea kama mtambo uko wazi tu, na ndivyo ilivyokuwa kwa Van Halen kwenye albamu yao ya kwanza iliyotoka 1978, lile solo la gitaa ambalo kila mpiga gitaa duniani amelijaribu akashindwa, jamaa alikuwa anapasha vidole tu studio, fundi akawa amewasha mtambo.

Sasa lile nililosema mkumbuke. Usiku wenzangu wametoka kupunga hewa, nimebaki na Mzee anasafisha mwanzo na mwisho wa kila wimbo. Akavuta skrini karibu pale tunapoingia kiitikio. Treki ya besi, yaani mstari wa sauti yake peke yake, ni safi kabisa kwa sababu haikupita kwenye maiki yoyote, kila noti inaonekana inaanzia wapi. Na juu yake treki ya dramu kubwa ya mguu, maiki iko ndani kabisa ya dramu. Nikaona noti zangu nne za mwisho za ubeti, zile ninazopanda nazo kuelekea kiitikio. Zote ziko mbele ya mguu wa Dramu. Ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya nne imetangulia kama sehemu 20 za elfu za sekunde. Halafu kiitikio kinaanza na Dramu amekuja pale nilipo.

Mzee akafungua wimbo mwingine. Vilevile. Wa tatu, vilevile.

"Umeona?" 

"Nimeona Mzee."

Akafunga skrini akaenda kuchemsha maji. Yaani miaka mitatu. Metronomu ya siku ya kuzaliwa. Mimi ndo navuta, yeye ananifuata kwa uungwana ili bendi isionekane imeachana, kisha tukishuka jukwaani namwambia unakimbia kaka.

Sijamwambia. Walirudi wanacheka, nikaona si wakati.

SIKU YA 6

Hatujapiga. Mzee kakataa, kasema masikio yetu yamechoka, ndo maana tangu jana kila mtu anaomba aongezewe sauti za juu. Yeye mwenyewe anasikiliza chini kiasi kwamba mnaweza kuongea bila kupaza sauti, akitaka kupima kama wimbo una nguvu anaupunguza, kama ukiwa chini bado unakutikisa kichwa basi una nguvu, kama unahitaji kuwa juu ndo ukutikise basi ni spika tu zinazokutikisa. Tukalala. Nimemwangalia Dramu mchana kutwa amelala kwenye sofa na fimbo mkononi.

SIKU YA 7

Jana tumepumzika leo tumemaliza dramu, besi na gitaa za ngoma tatu zilizobaki kabla ya mchana, sina cha kusimulia hapo, zilikwenda.

Mchana ikawa zamu ya Sauti. Yale aliyoimba chumbani pamoja nasi mengine yamebaki, kile kicheko kimebaki, lakini ngoma nyingi dramu zilivuja mno kwenye maiki yake. Mzee akamwekea maiki kubwa ya studio, ile ya thamani, na kichujio mbele yake, hedifoni, asimame wima asisogee. Kaimba vizuri sana na sote tukakaa kimya kwa sababu ilikuwa ni ile siku ya 2 imejirudia, nguo za pasi.

Tatizo ni kwamba Sauti haimbi amesimama. Anaimba anatembea, anainama, anaongea na maiki kama inamdai. Mzee akaona. Akaondoa vyote, akampa maiki ya Shure SM58 ya kawaida ya jukwaani mkononi, akawasha spika mbili mbele yake muziki ukatoka kwa nguvu, hakuna hedifoni. Nikasema si itavuja? Akaniambia spika moja amegeuza waya zake, chanya kwenye hasi, kwa hiyo mawimbi yanayofika kwenye maiki kutoka spika hizi mbili yanakulana, yanayobaki ni machache. Ni yale yale ya kamba na sneya, ila siku ya 1 tulikuwa tunayakimbia na leo tunayatumia. Sauti akisogea sana haifanyi kazi sawasawa, na alisogea sana, Mzee kasema afadhali kuvuja kuliko kufa.

Nyimbo nane kwa mpangilio wa Mzee, zile za kupiga kelele zimewekwa mwisho. Hili nalo si jipya, siku ile ya Beatles waliuacha mwisho wimbo unaoua koo, mwimbaji wao John Lennon alikuwa na mafua siku nzima, koo lake limebaki la wimbo mmoja tu, teki ya kwanza ndo iliyoingia kwenye albamu. Sisi wetu wa kuua koo Sauti aliuimba saa nne usiku, mara moja, na mwishoni pale anaposhikilia neno la mwisho sauti ilikatika katikati, ikapotea, ikarudi imekwaruza. Mzee hakuuliza turudie. Sauti katoka kule ndani kaandika kwenye karatasi, "nimemaliza."

SIKU YA 8

Sauti haongei. Anaandika karatasi. Nyimbo mbili bado, Mzee kasema zitangoja jioni au zitachukuliwa kutoka chumba cha pamoja, na mwisho zilichukuliwa kutoka huko, dramu zinavuja na hakuna aliyejali.

Leo vita ilikuwa ya kuongeza. Gitaa alitaka magitaa manne kila kiitikio, mimi kimoyomoyo nilitaka kinanda pale kwenye wimbo wa polepole, Dramu alitaka matari. Tukaongeza vyote kwenye wimbo mmoja tukasikiliza. Umekuwa mnene lakini umekuwa mdogo, sijui nieleze vipi, ni kama watu wengi wamejaa mlangoni hakuna anayeingia. Mzee akawa anazima treki moja moja, na kila akizima wimbo unakua. Kinanda kilipozimwa hakuna aliyekitetea, hata mimi. Rage Against the Machine kwenye albamu yao ya kwanza ya 1992 waliandika kabisa kwenye maelezo ya jalada kwamba hakuna sampuli (vipande vya rekodi za watu wengine), kinanda wala sinthesaiza humo, gitaa moja, besi, dramu na mdomo, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba albamu ile ni nyembamba. Tukakubaliana gitaa moja chumbani pamoja na moja la kuongezea kwenye viitikio vinne tu, si vyote. Gitaa alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Matari yalibaki kwenye wimbo mmoja kwa sababu Dramu alikuwa ameyapiga vizuri mno na kwa sababu mimi nilisimama nikasema yabaki, wote wakanishangaa.

Jioni tumepiga makofi na kelele za kikundi, watu watano na maiki moja katikati, hata Sauti kapiga makofi. Sijamwambia bado.

SIKU YA 9

Kupanga nyimbo. Hapa watu hudhani ni dakika kumi, imekuwa asubuhi nzima. Tunataka santuri pia, na santuri ina mambo yake. Inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika iwe sindano iko nje au ndani, lakini mzunguko wa nje ni mrefu, mfereji unapita chini ya sindano kama sentimita 50 kwa sekunde, ukifika karibu na katikati ni kama 20 tu, kwa hiyo sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo, zile kali za juu, matoazi, sss za mwimbaji, zinaanza kukwaruza. Maana yake wimbo wetu wa kuua koo, ambao wote tulitaka ufunge albamu, ndo mbaya kuliko zote kuuweka mwisho wa upande. Tumeuweka wa kwanza upande wa pili. Ule wa polepole unafunga, na kwa kweli umekaa vizuri, unaingia mtu akiwa bado anahema.

Moja tumeitoa. Ni ngoma ya zamani kuliko zote, ya kwanza tuliyowahi kuiandika, na ni nzuri, ila kila tulipoiweka ile inayofuata inachoka. Gitaa alitoka nje kidogo. Zimebaki 10, dakika 32, kila upande 16, Mzee amefurahi sana maana upande mfupi mifereji inakaa mbalimbali na unaweza kukatwa kwa sauti kubwa zaidi.

Ule wimbo wa siku ya 2 nao tuliusikiliza mara ya mwisho, ile teki ya kliki kisha ya siku ya 4. Ya siku ya 4 imeisha mapema kwa sekunde tano. Dramu alitabasamu tu.

Kumiksi, yaani kuchanganya treki zote ziwe wimbo mmoja, Mzee ataanza wiki ijayo peke yake, hataki mtu nyuma ya kiti chake. Tumekunja waya, tumebeba ampu kubwa ambayo tangu siku ya 4 haikupiga noti hata moja, tumeagana, Sauti kamkumbatia Mzee bila neno maana bado hana sauti.

Tumefika usiku ndo tukagundua stendi moja ya toazi tumeisahau studio. Dramu kasema ataifuata Jumamosi. Nikamwambia twende wote, nina jambo nataka kukueleza njiani. Akaniangalia kidogo.

"Kama ni lile la kuingia kiitikio," akasema, "mi nalijua tangu mwaka wa kwanza. We kaza mkanda tu."